MTU HUJIKUNA AJIPATAPO: PAUNI YA MWISHO IENDE WAPI?



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona vyema tulizungumzie jambo lililomo katika kila nyumba yetu hapa Uingereza, nalo ni namna ya kuchagua pale ambapo mahitaji ni mengi na fedha ni chache. Wataalamu wa uchumi wameliandikia vitabu vinene. Sisi tulilisoma chuoni ujanani, kisha tukalifundisha darasani, lakini hatukulielewa hasa mpaka lilipotufika nyumbani kwetu.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1997. Tulikuwa na miaka miwili tu katika nchi hii, na kazi tuliyoipata ilikuwa ya kupanga mizigo ghalani, kwani shahada zetu za ualimu zilikuwa bado hazijakubaliwa. Kila Ijumaa jioni tulipita kwa muuza nyama ya halali tukanunua kilo 4 za kondoo. Kwetu Unguja tulilelewa kuona kuwa ni fedheha mgeni kuingia akakuta hakuna kitoweo, na desturi hiyo tulikuja nayo safarini.

Jumatatu moja tulikuwa tukitafuta penseli katika mkoba wa binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 9, tukakuta barua ya shule iliyokunjwa ikawa ndogo kama hirizi. Ilikuwa ikiwaomba wazazi pauni 6 kwa ajili ya ziara ya darasa kwenye jumba la makumbusho. Siku ya ziara ilikuwa imekwisha pita. Tulipomuuliza kwa nini hakutuonesha, alijibu kwa sauti ndogo, "Niliwasikia mkisema pesa hamna." Wenziwe walipokwenda, yeye alikaa na darasa jingine.

Pesa zilikuwapo. Wiki ile kilo ya nne ya nyama ilikuwa imo katika friza, juu ya kilo ya nne ya wiki iliyotangulia. Ila zilikuwa zimewekwa mahali ambapo hazikuwa na kazi kubwa.

MAJI NA ALMASI

Mwaka 1776 Adam Smith, mwanachuoni wa Scotland, aliandika juu ya jambo la kustaajabisha. Hakuna kitu chenye faida kuliko maji, na hata hivyo bei yake karibu si kitu. Almasi haina faida kubwa kwa maisha, na hata hivyo bei yake ni ya kutisha. Je, watu wana wazimu?

Jawabu lilipatikana katika karne iliyofuata. Mjerumani mmoja, Hermann Heinrich Gossen, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya Prussia, alichapisha kitabu mwaka 1854. Hakikupata wasomaji, naye akakiondoa sokoni, akafariki mwaka 1858 bila ya kusikika. Katika miaka ya 1870 Jevons wa Uingereza, Menger wa Austria na Walras wa Ufaransa walifika kwenye wazo lile lile, kila mmoja kwa njia yake, na baadaye Jevons alikiri hadharani kwamba Gossen aliwatangulia.

Wazo lenyewe ni jepesi kwa aliyewahi kufunga siku ndefu ya kiangazi cha huku. Glasi ya kwanza ya maji wakati wa kufuturu haina mfano wake. Ya pili ni nzuri. Ya tatu twainywa kwa mazoea, na ya nne yatuletea uzito tumboni. Maji ni yale yale, lakini manufaa ya kila glasi inayozidi yanapungua. Kwa hiyo mtu anaponunua hapimi faida ya maji yote ya duniani. Hupima faida ya kile kipande kimoja anachotaka kuongeza. Maji ni mengi, ndiyo maana glasi ya ziada ni rahisi. Almasi ni adimu, ndiyo maana ya ziada ni ghali.

Kutoka hapo Gossen alitoa kanuni ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu. Mwenye fedha chache atapata manufaa makubwa kabisa akizigawa hata pauni ya mwisho aliyoitia katika kitu hiki imletee faida sawa na pauni ya mwisho aliyoitia katika kitu kile. Maadamu pauni moja ingeleta faida zaidi pengine, na ihamishwe.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ina pauni 34 za nyama na matunda kwa wiki. Nyama ni pauni 8 kwa kilo, na matunda ni pauni 2. Tuseme tunaipa kila kilo alama kwa kadiri ya manufaa yake kwa watu wa nyumba. Kilo ya kwanza ya nyama ina alama 80, ya pili 56, ya tatu 32, na ya nne 16. Kilo ya kwanza ya matunda ina alama 24, ya pili 20, ya tatu 16, ya nne 14, na ya tano 8.

Mtu wa mazoea atanunua kilo 4 za nyama kwa pauni 32, na pauni 2 zilizobaki atanunulia kilo moja ya matunda. Jumla ya alama zake ni 208. Mtu wa pili ataiacha ile kilo ya nne ya nyama. Atapoteza alama 16, lakini pauni 8 zilizookolewa zitamletea kilo 4 zaidi za matunda, nazo zina alama 58. Jumla yake itakuwa 250. Fedha ni zile zile, duka ni lile lile.

Sasa tazameni pauni ya mwisho ya huyu wa pili. Kilo ya tatu ya nyama ina alama 32 kwa pauni 8, yaani alama 4 kwa kila pauni. Kilo ya tano ya matunda ina alama 8 kwa pauni 2, yaani 4 vile vile. Mizani imesimama sawa, na hakuna tena pauni ya kuhamisha. Nyama ikipanda bei kesho, mizani itainama, na itabidi tupime upya. Anayenunua vile vile kila wiki, bei ziwe zozote, huyo ameacha kuchagua.

Wako watakaosema kwamba manufaa hayapimwi kwa alama. Ni kweli, na wanauchumi wenyewe walilikubali hilo. Mwaka 1934 Hicks na Allen walionesha kuwa inatosha mtu aweze kusema lipi analipenda zaidi ya lipi. Nasi dukani hatuhitaji kalamu. Swali moja latosha: hii pauni ninayotaka kuitoa, ingefanya nini kama ningeitia penginepo?

MANUFAA YA NANI?

Vitabu vingi humzungumzia mnunuzi kana kwamba ni mtu mmoja. Nyumba si mtu mmoja. Mwenye kushika mkoba huona vizuri haja zake mwenyewe na zile anazozisikia, na aliyenyamaza hahesabiwi. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu mwaka 1997. Hatukuipima ziara ya shule tukaiona haifai. Haikuwamo kabisa katika mizani, kwa kuwa mtoto alijifunza kutoka vinywani mwetu kwamba hapana haja ya kuomba. Tangu siku hiyo tuliacha kusema mbele ya watoto kwamba pesa hamna. Tulianza kusema, "Pesa ni hizi, na mahitaji ni haya, tuchague." Watoto waliyaelewa maneno hayo upesi kuliko tulivyodhani.

Tunayo pia haja isiyozungumzwa katika vitabu vile, nayo ni fedha tunazopeleka kwa wazazi na jamaa. Hatusemi zipunguzwe. Pauni 10 zinazonunua dawa za mama mzee Mombasa au Tanga huenda zikawa na uzito kushinda chochote tunachokinunua hapa, na hapo haki ni kuziongeza, tukiacha kilo ya nne ya nyama. Lakini pauni 10 zinazokwenda kuongeza idadi ya sahani katika harusi ya binamu, hali mtoto wetu anakwenda shule kwa viatu vinavyoingiza maji, hizo zapasa kuulizwa swali lile lile. Na pale ambapo ada ya kupeleka haibadiliki, iwe kiasi ni kidogo au kikubwa, ni afadhali kupeleka mara moja kuliko mara tatu.

Dukani nako tusidanganywe na ukubwa wa pakiti. Sheria ya hapa inayataka maduka makubwa yaoneshe bei ya kila kilo au lita, nayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kuliko bei yenyewe. Tusome hizo ndogo. Na tangazo la "viwili kwa bei ya kimoja na nusu" lina maana ikiwa tu hicho cha pili tunakihitaji. Kama kitaozea jikoni, nusu ile tumeitupa.

Dini yetu haikutuacha gizani katika hili. Katika Surat al-Furqan, aya ya 67, wamesifiwa wale ambao matumizi yao yako kati, hawafanyi israfu wala ubahili. Israfu si lazima iwe dhahabu na magari. Yaweza kuwa kilo ya nyama ndani ya friza.

Tunashauri basi kila nyumba iweke daftari kwa wiki nne tu, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe kila pauni ilikokwenda. Mwisho wa mwezi wakae wote, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja ataje kitu kimoja anachoona kingepunguzwa na kimoja anachoona kimekosekana. Na mtoto aanze kusema, kabla baba na mama hawajasema.

Mwenyezi Mungu atubarikie kidogo tulicho nacho, na atujaalie tukitumie kwa busara. Amin.