Kijana Mwenye Kisukari na Simu Iliyo Mkononi Mwake

Likitajwa neno kisukari, wengi wetu huwaza mtu mzima aliyeambiwa apunguze wali na soda. Lakini iko aina nyingine, iitwayo aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Katika aina hii mwili hushindwa kutengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila kuchomwa sindano ya insulini kila siku. Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na kula sukari nyingi, wala si kosa la mama aliyempikia mtoto.

Kazi ya kuishi na kisukari hiki haina likizo. Kijana anayejichoma sindano mara 4 kwa siku hujichoma mara 1,460 kwa mwaka. Tena ajitoboe kidole na kupima sukari, akadirie chakula, na akumbuke insulini isipatwe na joto. Hata akihudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa, tunaonana naye siku 12 tu. Siku 353 zilizobaki yuko mbali nasi.

Mzigo usioonekana

Sisi wauguzi tunaujua mzigo huu kwa dalili zake. Kijana huja kliniki na daftari lenye namba nzuri tupu, zote zimeandikwa kwa kalamu moja. Kumbe kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 kinasema mengine. Huyu si mwongo wa tabia. Anaogopa kugombezwa. Mwingine yuko shule ya bweni na huruka sindano ya jioni ili wenzake wasidhani anatumia dawa za kulevya. Binti naye hujiuliza nani atamwoa, na hana wa kumwuliza.

Akisema "nimechoka", tusimwone mvivu. Uchovu wa kuubeba ugonjwa siku zote upo kweli, na huzuni ikizidi huweza kuwa sonona. Hatari yake si ndogo: akiacha insulini, damu hujaa asidi, naye huanza kutapika, kuumwa tumbo na kupumua kwa nguvu. Asipowahishwa hospitali anaweza kufa.

Simu yaweza kusaidia nini?

Mjini Dundee, Uskoti, wataalamu walijaribu kuwatumia vijana wenye kisukari, wa miaka 8 hadi 18, ujumbe mfupi kwenye simu. Ujumbe ulifuata malengo ambayo kila kijana alijiwekea kliniki. Majibu yalitolewa mwaka 2006. Vijana waliopata ujumbe walijiamini zaidi na kufuata matibabu vizuri zaidi. Lakini wastani wa sukari ulishuka kwa wale tu ambao pamoja na ujumbe walipewa pia matibabu bora zaidi ya insulini.

Fundisho lake ni wazi: maneno mema humpa kijana moyo wa kuishika sindano, lakini hayashiki nafasi ya sindano.

Leo simu janja zimeongeza njia. Kijana anaweza kuwa katika kikundi cha WhatsApp pamoja na wenzake, akagundua kwamba si yeye peke yake aliyechoka. Anaweza kuzungumza na mshauri bila kulipa nauli, na kuandika usiku jambo ambalo asingethubutu kulisema mbele ya wazazi. Ziko pia programu za kuandikia sukari na hali ya moyo ya kila siku. Asiye na simu janja asikate tamaa: huko Dundee ulitumika ujumbe mfupi wa kawaida.

Mambo ya kujihadhari

1. Kikundi kiwe na msimamizi anayefahamika, hasa muuguzi au mshauri wa kliniki.

2. Kipimo cha insulini cha mwenzako si chako. Usibadili dozi kwa kusoma ya mwingine.

3. Wauzaji wa "dawa ya kumaliza kisukari" hujipenyeza katika vikundi. Anayekuambia uache insulini anakuhatarishia maisha.

4. Picha na habari za mgonjwa zisitumwe nje ya kikundi bila ridhaa yake.

5. Dharura haisubiri jibu la simu. Sukari ikishuka chini ya 4, naye bado ana fahamu na anameza vizuri, apewe mara moja maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akitapika mfululizo au akipoteza fahamu, apelekwe hospitali upesi. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Vivyo hivyo, kijana anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wazazi wafanye nini?

Wazazi wengine humnyang'anya mtoto simu kila sukari inapopanda. Yafaa tufikiri kwanza: huenda tunamtenga na mtu pekee anayemweleza ukweli. Wengine huitumia simu kama fimbo, wakiuliza kutwa nzima, "Sukari ngapi? Umechoma?" Mtoto hujifunza kujibu namba inayowafurahisha.

Afadhali kuuliza, "Leo siku yako imekwendaje?", na kusikiliza jibu lote. Akitaja namba mbaya, tumshukuru kwa kusema kweli, kisha tutafute pamoja cha kufanya. Na mnapokuja kliniki, mruhusuni azungumze nasi peke yake kwa muda kidogo. Tuulizeni pia kama kuna kikundi cha vijana, au namba ambayo anaweza kutuma ujumbe.

Simu imfikishie kijana neno jema huko aliko. Insulini, chakula na sikio la kumsikiliza avikute nyumbani.