Kabla ya Kulipia Jina la Tovuti, Tazama Anwani Yako

Mwalimu wa sekondari anayeishi Nakaloke, Uganda, kwenye barabara itokayo Mbale kwenda Kumi, anaweza leo kuwa na tovuti bila kumlipa mtu yeyote nafasi ya kuihifadhi. Kompyuta kuukuu ya mkononi, yenye Linux na programu ya Nginx, inatosha kuwapa wanafunzi maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Kila simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumba hiyo itaifungua mara moja. Taabu huanza anapotaka mwanafunzi aliyeko Jinja naye aifungue.

Hapo wengi hukimbilia kununua jina. Majina yanayoishia na .ug yamekuwapo tangu 1995, na yana matawi yake: co.ug kwa biashara, ac.ug kwa vyuo, sc.ug kwa shule. Kulipia jina ni kazi ndogo. Ila jina peke yake halimfikishi mtu popote, kwa sababu kompyuta hutafutana kwa namba, yaani anwani za IP. Mfumo wa DNS, aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983, hujibu swali moja: jina hili lina namba gani? Jibu huwekwa katika rekodi. Rekodi ya A hubeba anwani ya toleo la nne, na AAAA hubeba ya toleo la sita. Kuelekeza jina nyumbani kwako maana yake ni kuandika namba ya nyumba yako katika rekodi hiyo. Basi, kabla shilingi haijatoka mfukoni, jiulize: nyumba yangu ina namba yake yenyewe?

Nyumba nyingi hazina. Anwani za toleo la nne ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu ilikwisha Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao yake Morisi linalogawa anwani kwa Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020, na tangu hapo ombi moja halipewi zaidi ya anwani 1,024. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haina namna ya kumpa kila mmoja yake, hivyo huwakusanya wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama sanduku la posta la shule linalotumiwa na kijiji kizima. Mkiandika barua, jibu linawarudia kwa kuwa karani amenukuu nani alimwandikia nani. Lakini barua ya mgeni iliyokuja na namba ya sanduku tu, bila jina la mtu, itabaki kwa karani. Ndivyo lilivyo ombi la yule mwanafunzi wa Jinja: linafika kwenye mitambo ya kampuni na kuishia hapo.

Kujua hali yako ni rahisi. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, utafute anwani iliyoandikwa sehemu ya WAN. Ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hiyo si anwani ya hadharani. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, pia si yako: kundi hilo lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa ajili ya wateja wanaochangia anwani. Ikiwa nje ya makundi hayo, ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote inayokutajia anwani yako ya IP. Zikilingana, una bahati. Anayetumia ruta ya laini ya simu asitarajie sana. Mwenye faiba aiulize kampuni yake kama inauza anwani ya kudumu na kwa bei gani kwa mwezi, na adai jibu la maandishi.

Ukiwa na anwani ya hadharani, kazi iliyobaki ni ya mchana mmoja. Ipe kompyuta yako anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, tuseme 192.168.1.20, kisha iagize ruta kwamba kila ombi linaloingia kwenye poti 80 na 443 lipelekwe huko. Poti nyingine ziache zimefungwa, hasa ile ya ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe. Kisha andika rekodi ya A. Unapojaribu, zima Wi-Fi na utumie bando la simu, kwani ruta nyingi hushindwa kuifungua tovuti ya ndani kwa jina lake la nje, na watu huvunja kilichokuwa kizima wakidhani wamekosea.

Kama anwani ni ya hadharani lakini hubadilika kila ruta inapowaka upya, tumia huduma kama DuckDNS, ambayo programu ndogo kwenye kompyuta yako huiarifu kila namba inapobadilika. Jina lako la www utalielekeza huko kwa rekodi ya CNAME. Usijaribu CNAME kwenye jina tupu lisilo na www, kanuni za DNS haziruhusu. Na kama unatumia rekodi ya A unayoibadilisha mwenyewe, punguza muda wake wa kuhifadhi majibu, unaoitwa TTL, hadi sekunde 300, ili wasomaji wasiendelee kupelekwa kwenye namba ya jana. Cheti cha usalama hutolewa bure na Let's Encrypt.

Na asiye na anwani kabisa? Njia yake ni kugeuza mwelekeo: kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotoka na kufungua njia hadi seva iliyo nje, na wageni huingilia huko. Cloudflare waliifanya huduma yao ya namna hii kuwa ya bure mwaka 2021. Inafanya kazi vizuri, nami nadhani kwa mtu wa Nakaloke ndiyo njia ya kuanzia. Lakini ajue kwamba usimbaji hufunguliwa kwenye mitambo yao, hivyo kinachopita wanaweza kukiona.

Yapo mambo ambayo hakuna rekodi itakayoyatatua. La kwanza ni kasi ya kupakia. Faili la maswali lenye megabaiti 3 kwenye laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 12. Wanafunzi kumi wakilifungua pamoja, kila mmoja anasubiri dakika mbili. Punguza ukubwa wa mafaili kabla ya kununua kompyuta mpya.

La pili ni umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa 1954, hata hivyo umeme kukatika bado ni jambo la kawaida. Kompyuta ya mkononi ina faida ya betri yake, lakini ruta haina, na ikizima tovuti imezima. Ruta ipate betri yake ndogo, na vyote viwe na kinga dhidi ya radi.

La tatu ni mtandao wenyewe kufungwa. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudi tarehe 18. Tovuti iliyokuwa kwenye seva ya nje iliendelea kusomwa Nairobi na London. Iliyokuwa sebuleni Mbale haikusomwa na yeyote nje ya nyumba yake.

Kwa hiyo nasema wazi: maswali ya mitihani, matangazo ya shule na majaribio ya wanafunzi wanaojifunza ufundi huu yakae nyumbani, na ningependa kila shule ya sekondari iwe na mashine moja ya namna hiyo. Alama za watoto na namba za simu za wazazi zisikae humo. Hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019, na anayezikusanya ndiye atakayewajibika zikivuja.