Seti tano za miwani, hesabu ya Mara

Oktoba 2024 miwani ya uhalisia pepe aina ya Meta Quest 3S iliingia sokoni Marekani kwa dola 299. Tuchukue shilingi 2,500 kwa dola: ni 747,500. Weka VAT ya asilimia 18 inafika 882,050, na hapo nauli ya kuileta haijahesabiwa. Seti tano za kufundishia, zizunguke Musoma, Bunda na Butiama, ni shilingi 4,410,250. Timu ya daraja la chini inayochangishana nauli ya kwenda ugenini haiwezi kuzitoa. Mkoa wa Mara, uliohesabiwa watu 2,372,015 katika sensa ya 2022, unaweza, ila lazima ujue unanunua nini.

Unanunua nafasi ya kukosea bila kumuumiza mtu. Anayejifunza kuhudumia wachezaji wanaoumia anavaa miwani. Mbele yake mshambuliaji kagongana kichwa na beki, kaanguka, kainuka, anasisitiza kwamba yuko fiti. Mwanafunzi anatakiwa amwulize: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Ni maswali ya David Maddocks wa Australia, ya kupima mtikisiko wa ubongo, yanayotumika dunia nzima. Mchezaji akibabaika katika swali hata moja anatoka, na siku hiyo harudi, hata kocha akifoka. Kumwambia kocha hapana ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na inafaa mtu awe ameshaisema mara kadhaa kabla ya mechi ya kweli.

Nchini Marekani kuhudumia wachezaji wanaoumia ni fani kamili inayosomewa hadi shahada ya uzamili. Kwetu, timu nyingi za mchangani zina mtu mmoja mwenye begi la dawa. Desemba 2016, ng'ambo ya Ziwa Victoria, mshambuliaji wa vijana wa Mbao FC, Ismail Khalfan, alianguka uwanja wa Kaitaba, Bukoba, muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki. Simnyooshei mtu kidole. Ila moyo unaposimama kwa namna inayohitaji mashine ya kuushtua, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala mashine hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Sasa turudi kwenye fedha. Chukua wanafunzi 60, ishirini kila mji. Wakivaa miwani mara moja tu katika semina ya uzinduzi, kila jaribio limegharimu shilingi 73,504. Wakipitia matukio sita ya kuigiza kama lile la kugongana vichwa, kila moja mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ni majaribio 2,160, na kila moja linashuka hadi shilingi 2,042. Vifaa ni vilevile. Kinachokula fedha ni kabati lililofungwa kwa kufuli.

Kuna gharama ambayo waandika miradi huisahau: mwalimu. Wanafunzi watano wakivaa dakika 20, wanahitaji dakika 40 za kujadiliana naye nani alichelewa wapi, na kwa nini. Kwa mwaka ni saa 144, yaani siku 18 za kazi. Tukikadiria posho ya shilingi 100,000 kwa siku, miaka mitatu ni 5,400,000. Mwalimu anaizidi bei ya miwani yote. Jumla ni shilingi 4,542 kwa jaribio, na bado naiona ni bei nzuri, kwa sababu somo lenyewe liko kwenye yale mazungumzo.

Mikono nayo haidanganyiki. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hakuna miwani inayokupa ule uzito viganjani. Hapo doli la mafunzo halina mbadala. Tanzania ina ushahidi wake: mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua, uliotumia doli linalojazwa maji, ulifuatiwa na vifo vya saa 24 za kwanza kupungua kwa asilimia 47 katika hospitali nane, kwa matokeo yaliyochapishwa 2013. Ningenunua madoli kwanza.

Kisha ningelipa waandishi wa matukio. Mazoezi ya kigeni ya mchezaji aliyezidiwa na joto humzamisha katika beseni la barafu, maji yasiyozidi nyuzi 15. Bunda saa nane mchana barafu hiyo itoke wapi? Maji ya Ziwa Victoria yenyewe ni nyuzi ishirini na kitu. Mwanafunzi wa hapa afundishwe kivuli, ndoo, kanga zilizoloweshwa na watu wa kupepea, na aanze kupoza kabla ya kutafuta gari la kumkimbiza hospitali. Watafiti wa KEMRI-Wellcome ya Kenya wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza mchezo wa LIFE, wa kuokoa watoto mahututi, unaochezwa kwenye simu na kwenye miwani pia. Mara ikiandika matukio yake sita kwa mtindo huo, mwanafunzi wa Butiama atayarudia usiku kwenye simu yake, na seti tano zitatosha bila kuongeza ya sita.