Mshale wa Sumu: Nguvu Yake Iko Wapi?

Anayemkabili tembo au nyati ana swali moja la msingi: kitu kidogo kinachorushwa kutoka mbali kitamwangushaje mnyama mwenye ngozi nene na mifupa migumu? Swali hili lina majibu mawili. La kwanza ni bunduki yenye mtutu mpana. La pili ni mshale wa sumu, uliotumiwa na wawindaji wa Kikamba katika nyika za Kitui na Makueni. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Nguvu yake yote hutoka kwenye baruti. Ndiyo maana wanaojijazia risasi wenyewe huipima kwa mizani: ikipungua, kichwa hakipenyi, ikizidi, shinikizo laweza kupasua bunduki. Risasi ya .458 Winchester Magnum ilitolewa mwaka 1956 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Ganda lake lilikuwa fupi, baruti ikalazimika kushindiliwa, na baadhi ya risasi zikapoteza kasi. Mmarekani Jack Lott akabuni yake yenye ganda refu zaidi, ambayo baadaye viwanda vilikubali kuitengeneza.

Sasa tupige hesabu. Kichwa cha .458 chenye gramu 32 hivi, kikienda mita 640 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 6,500 hivi. Mshale wa gramu 50 ukienda mita 50 kwa sekunde hubeba jouli 63 tu, yaani kama sehemu moja kwa mia. Kwa kipimo hiki, mshale haufai kabisa kwa tembo.

Lakini kipimo chenyewe ndicho kisichofaa. Kazi ya mshale huu si kuvunja mfupa, bali kuvusha sumu kupita ngozi hadi penye damu. Sumu hiyo hutokana na msunguti, mti ambao wanasayansi huuita Acokanthera. Kiini chake ni ouabaini, kilichotengwa na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Ouabaini huizuia pampu hiyo. Misuli ya moyo ndiyo huathirika vibaya zaidi: mapigo huvurugika, kisha moyo husimama. Tumboni, hata hivyo, kiini hiki hufyonzwa kwa shida, na ndiyo sababu nyama ya windo iliweza kuliwa baada ya kukatwa sehemu iliyozunguka jeraha.

Ukishaijua kazi ya mshale, umbo lake linajieleza lenyewe. Kigumba, yaani ncha ya chuma, ni chembamba ili kipenye kwa urahisi. Wahunzi walikifua hata kutokana na misumari mikubwa. Nyuma yake kuna kijiti kinachopakwa sumu, nacho huchomekwa kwenye wano, yaani uti wa mshale, bila kukazwa moja kwa moja. Mnyama akikimbia, wano huanguka na kuokotwa, huku kigumba na sumu vikibaki mwilini. Mishale mingi ilitiwa alama ya mwenyewe au ya ukoo, ili ubishi wa nani aliyelipata windo uamuliwe kwa ushahidi.

Sumu nayo ina adui zake: jua, hewa na mvua. Kwa hiyo kijiti kilifungwa ukanda wa ngozi laini, ukafunguliwa tu wakati wa kuwinda. Anayejijazia risasi huilinda baruti isipate unyevu; mwindaji wa mshale aliilinda sumu isikauke.

Njia hii ina gharama zake. Risasi ikimpata mnyama panapostahili, humwangusha palepale. Mshale huhitaji muda, na katika muda huo mnyama hutembea. Bila mtu hodari wa kusoma nyayo, windo hupotea. Sumu ikiwa imechakaa au haikuingia ya kutosha, mnyama hubaki na jeraha linalooza na huteseka siku nyingi.

Serikali ya kikoloni ilimpa leseni mwenye bunduki na kumwita mwindaji. Mwenye mshale ikamwita jangili. Tofauti hiyo ilifutika Mei 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Leo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawabana wote wawili.

Hata hivyo mshale haujatoweka. Mwaka 2014 Satao, tembo mashuhuri wa Tsavo kwa ukubwa wa pembe zake, aliuawa na majangili kwa mshale wa sumu. Hakuna mlio uliowaamsha askari, wala ganda la risasi lililoachwa chini kama ushahidi. Hapo ndipo hukumu inapopatikana: mshale huu si bunduki dhaifu, ni silaha ya aina nyingine, iliyohamisha nguvu kutoka kwenye mwendo na kuiweka kwenye ncha. Ulinzi wa wanyama katika mipaka ya Kitui na Makueni unaohesabu bunduki peke yake umehesabu nusu tu ya hatari.