Udongo uliokauka bado hulainika



Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Methali hii tumeizoea katika malezi: mfunze mtoto mapema, kabla tabia haijakomaa. Ni maneno ya hekima. Lakini watu wazima wengi wameyageuza kuwa hukumu juu yao wenyewe. Mtu amefika miaka sitini, amestaafu, na ukimshauri ajifunze jambo jipya anakujibu: “Padre, mimi udongo umeshakauka.” Leo tumuulize mfinyanzi kama hilo ni kweli.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu, mjane. Kilichomuuma baada ya kustaafu hakikuwa udogo wa pensheni, bali kuamka asubuhi na kukuta hakuna anayemngoja. Siku moja alimwendea jirani yake, mama anayefinyanga vyungu, akamwomba amfundishe. Watu walicheka: mwalimu mzima, tena mwanamume, anachezea matope! Chungu chake cha kwanza kilipasuka motoni. Cha pili kiliinama upande. Hakuacha. Leo baraza lake lina vyungu vya maua, na vijana wa jumuiya wakifunga ndoa huwapelekea kimoja kama zawadi. Haviuzi. Jioni watoto wa mtaa huja kufinyanga ng’ombe na magari, naye amekuwa tena mtu anayengojwa.

Ufinyanzi ni mwalimu mkali. Udongo usipokandwa vizuri, hewa na mawe madogo hubaki ndani na kuudhoofisha. Chungu kikianikwa juani kwa pupa, sehemu moja husinyaa kabla ya nyingine, nacho hupasuka. Unyevunyevu ukibaki ndani, motoni hugeuka mvuke na kukilipua. Kwa hiyo mfinyanzi hukausha kazi yake polepole kivulini, na hapo hawezi kuharakisha chochote. Anangoja.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Je, udongo ukikauka, mambo yamekwisha? Mfinyanzi atakwambia hapana. Chungu ambacho hakijachomwa, hata kikikauka kabisa, ukikiloweka majini huvunjikavunjika, hulainika na kuwa udongo wa kufinyangwa upya. Kinachohitajika ni maji na subira. Nabii Yeremia, katika sura ya 18, alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi akaona chombo kikiharibika mikononi mwake. Mfinyanzi hakuutupa ule udongo. Aliufanya chombo kingine, kama alivyoona vema.

Pengine utasema: “Mimi nimeshapita motoni na nimevunjika kabisa.” Ni kweli, kigae kilichochomwa hakirudi kuwa udongo laini, Yeremia huyohuyo, katika sura ya 19, anazungumzia gudulia lililovunjwa lisiweze kutengenezwa tena. Hata hivyo, wafinyanzi wengi hawatupi vigae. Huvitwanga, huvichekecha na kuvichanganya na udongo mpya, kwa sababu chenga zake hupunguza kusinyaa na kuusaidia udongo kustahimili moto. Kilichovunjika jana kinakiimarisha chungu cha leo. Ndivyo zilivyo huzuni za wazee wetu: zikipondwa kwa sala na kuchanganywa na maisha ya vijana, huwasaidia vijana wasipasuke.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaja mfinyanzi pamoja na mafundi wengine. Anakiri kwamba hawaketi katika baraza la wakuu, lakini anasema bila wao mji haukaliki, na kwamba sala yao imo katika kazi ya ufundi wao. Papa Yohane Paulo II, katika Barua kwa Wasanii ya mwaka 1999, alifundisha kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii kwa maana ya pekee, lakini kila mtu amekabidhiwa kazi ya kuyaunda maisha yake mwenyewe. Tumeumbwa kwa mfano wa Muumba. Mikono isiyoumba chochote huwa na njaa ambayo chakula hakiishibishi.

Sidharau biashara. Kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wamelea familia kwa vyungu wanavyouza hadi Matema na kwingineko. Ila si kila jambo jema lazima lianze na swali la “litaingiza shilingi ngapi?” Mungu aliitazama kazi yake akaona ni njema kabla hajapatikana mnunuzi.

Basi, ndugu yangu, chagua jambo moja dogo: kufinyanga, kusuka ukili, kushona, kutengeneza kigoda, kulima bustani nyuma ya nyumba. Lipe jioni moja kwa wiki, simu ikiwa mbali. Usijipime na fundi wa miaka thelathini. Kipime chungu cha leo kwa cha mwezi uliopita. Na ukishajua kidogo, mwite mtoto mmoja umwonyeshe. Kama nyumbani kwako yupo mzee anayeshinda akitazama ukuta, usimpelekee chakula tu. Mpelekee na kazi ya mikono, kisha ukae naye.

Bwana aliyemfinyanga Adamu kwa mavumbi ya ardhi akulainishe kwa maji ya neema yake, wala asikuache mkono. Nawatakieni Dominika njema.