Umepunguza ugali. Je, na maziwa uache?

Hivi karibuni kwenye kipindi chetu cha asubuhi alipiga simu mama mmoja kutoka milima ya Rungwe. Ana kisukari, anameza vidonge, na miezi miwili iliyopita aliacha ugali, wali na ndizi baada ya jirani kumtumia ujumbe wa sauti kuhusu mlo wa wanga kidogo. Kilo zimepungua na amefurahi. Ila sasa tumbo linajaa gesi kila siku, na akipima sukari inagoma kushuka kama alivyotarajia. Jirani kamtumia ujumbe mwingine: acha na maziwa. Mama akatuuliza, sasa ale nini, na ng'ombe wake ampeleke wapi?

Tulicheka kidogo studio, naye akacheka. Lakini baada ya simu yake meseji ziliingia nyingi, na moja ilitunyamazisha. Baba mmoja aliandika kwamba aliacha ugali na maziwa kwa siku moja, akaendelea kumeza vidonge vya sukari vilevile, akaanguka shambani. Wanawe ndio waliomwokota.

Kwa hiyo tumeona tuliandike jambo hili vizuri, ulisome taratibu kwenye simu yako na umsomee na mwenzako asiyeona vizuri.

Wanga kidogo ni kiasi gani?

Wanga ni chakula kinachogeuka kuwa sukari mwilini: ugali, wali, ndizi za kupika, viazi, mihogo, mkate, chapati, na sukari yenyewe. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga karibu gramu 75.

Wataalamu wengi huita mlo kuwa wa wanga kidogo pale mtu anapokula chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Wanaofuata mlo mkali zaidi hushuka hadi kati ya gramu 20 na 50. Ukipima, utaona kwamba bonge moja la ugali la mtu aliyetoka kulima linaweza kumaliza kiasi cha siku nzima.

Maziwa yanaingiaje hapo?

Watu wengi hudhani maziwa ni protini na mafuta tu. Ukweli ni kwamba maziwa yana sukari yake ya asili, inayoitwa laktosi. Robo lita ya maziwa ya ng'ombe, yaani glasi moja, ina gramu 12 hivi za sukari hiyo, hata kama hujaongeza kijiko cha sukari.

Tulimuuliza yule mama anakunywa kiasi gani. Akasema tangu aache ugali njaa inamsumbua, kwa hiyo hunywa nusu lita asubuhi na nusu lita jioni. Piga hesabu: lita moja ni karibu gramu 48 za sukari ya maziwa kwa siku. Kwa mtu anayejaribu kubaki chini ya gramu 50, maziwa peke yake yamemaliza kila kitu. Kaufunga mlango wa ugali, sukari ikaingilia dirishani.

Lakini vyakula vyote vya maziwa havilingani:

- Maziwa freshi yana laktosi yote.
- Mtindi una laktosi pungufu, kwa sababu vijidudu vinavyogandisha maziwa hula sehemu ya sukari hiyo. Inapungua, haiishi. Mtindi wa dukani uliotiwa sukari na ladha ya matunda una wanga mwingi zaidi.
- Siagi ina laktosi kidogo sana, na samli karibu haina kabisa, maana ni mafuta.
- Jibini ngumu iliyokaa muda mrefu nayo ina laktosi kidogo sana.
- Maziwa ya unga yana laktosi nyingi, kwa sababu kilichoondolewa ni maji tu.

Ndiyo maana mtu wa wanga kidogo anaweza kuendelea kukaangia mboga kwa samli, lakini akalazimika kuhesabu glasi za maziwa.

Tumbo linalokataa maziwa

Sababu ya pili ya watu kuacha maziwa ni tumbo. Ili laktosi isagwe, utumbo mwembamba unatakiwa kutoa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga wanacho. Kwa watu wengi duniani, kimeng'enya hiki hupungua wanapokua. Laktosi isiyosagwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria huichachua, na matokeo yake ni gesi, tumbo kuunguruma, maumivu, na wengine kuharisha.

Hali hii hutofautiana kati ya mtu na mtu, na asili ya ukoo nayo huchangia. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na mwanasayansi wa Marekani, Sarah Tishkoff, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta baadhi ya watu, hasa katika jamii zilizofuga ng'ombe kwa maelfu ya miaka, wana mabadiliko kwenye vinasaba yanayowawezesha kusaga maziwa hata ukubwani. Kwa hiyo usimcheke mwenzako anayeumwa tumbo kwa glasi moja wakati wewe unamaliza kibuyu. Miili imetofautiana.

Wengi wenye shida hii huweza kunywa kidogo, hasa pamoja na chakula, na mtindi huwasumbua kidogo kuliko maziwa freshi. Yule mama zamani alikuwa anakunywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa na tumbo lilikuwa kimya. Alipofika lita moja, likaanza kulalamika.

Angalizo: mzio wa maziwa ni jambo jingine. Huo husababishwa na protini ya maziwa, na mtu anaweza kutoka vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua. Huyo asijaribu hata kidogo, awahi kituo cha afya. Pia, kama unakunywa maziwa mabichi yasiyochemshwa, tumbo na homa zako zinaweza kuwa zinatokana na vijidudu. Chemsha kwanza ndipo uyahukumu maziwa.

Jaribu kwa utaratibu

Kabla hujasema maziwa yanakudhuru, fanya jaribio:

1. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Kama umeanza tu kupunguza wanga, subiri mwili uzoee. Wiki za mwanzo wengi hupata kichwa kuuma, kizunguzungu na choo kigumu, kwa sababu mwili unatoa maji na chumvi. Hapo usiyalaumu maziwa.
2. Acha maziwa na mtindi kwa wiki mbili hadi nne. Soma maandishi ya vyakula vya pakiti, maana biskuti na keki nyingi zina unga wa maziwa.
3. Andika kila siku kwenye daftari la shule la mtoto: tumbo likoje, sukari imesoma ngapi, umekula nini.
4. Kisha rudisha kidogo kidogo. Anza na mtindi nusu kikombe pamoja na chakula. Ukiona tumbo limetulia, umepata kiasi chako.

Wengine watagundua hawana haja ya kuacha kabisa, ila kupunguza. Wengine watagundua maisha ni mazuri zaidi bila maziwa. Daftari lako ndilo litakalokuambia.

Ukiacha, ziba pengo

Glasi moja ya maziwa hutoa protini gramu 8 hivi na kalsiamu, yaani madini ya mifupa, karibu miligramu 300. Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hivi kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200. Ukiondoa maziwa bila kuweka kitu mahali pake, mifupa ndiyo itakayolipa deni uzeeni.

Habari njema ni kwamba huku kwetu Nyanda za Juu Kusini chakula mbadala kipo, na hakihitaji duka kubwa la mjini.

- Usipa wa Ziwa Nyasa na dagaa wengine. Ukiwala wazima, na mifupa yao, unapata kalsiamu na protini bila wanga. Kiganja cha dagaa wakavu kinaweza kukupa kalsiamu sawa na glasi ya maziwa au zaidi. Ukiwatoa mifupa, umetupa kalsiamu.
- Mboga za majani kama sukuma wiki, kabichi na chainizi. Mchicha nao ni mzuri, lakini una kemikali inayozuia sehemu kubwa ya kalsiamu yake isifyonzwe. Changanya mboga, usitegemee mchicha peke yake.
- Parachichi. Rungwe na Njombe tunauza hadi nje ya nchi, halafu nyumbani tunawaachia watoto na ndege. Parachichi lina mafuta mengi na wanga kidogo, na sehemu kubwa ya wanga huo ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Linashibisha, na choo kinalainika.
- Mayai. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, na wanga karibu hakuna.
- Nyama, samaki na maini kidogo. Hivi hutoa vitamini B12, ambayo mboga hazina.
- Karanga na ufuta. Vinafaa kwa kiasi, kwa sababu karanga nazo zina wanga wake, na kula kopo zima ni rahisi.

Chai ndiyo huwashinda wengi. Waliozoea chai ya maziwa wanaweza kutumia chai ya rangi yenye tangawizi, mdalasini au mchaichai, bila sukari. Ukitaka uzito, weka vijiko viwili vya tui la nazi uliyokuna mwenyewe. Maziwa ya soya ya pakiti yasome kwanza, mengi yametiwa sukari. Na ile siagi ya kopo ya kupaka mkate, mara nyingi ni majarini ya mafuta ya mimea, kwa hiyo isichanganywe na siagi ya maziwa.

Hapa tusikilizane vizuri

Kama una kisukari na unachoma insulini, au unameza vidonge kama glibenklamaidi, usikate wanga wala maziwa ghafla bila kumwona mhudumu wa afya. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Hicho ndicho tunachodhani kilimkuta yule baba aliyeanguka shambani.

Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mtu akiwa bado anajitambua na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, na kama bado, rudia. Kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimwekee chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize kituo cha afya.

Wanaomeza dawa za presha nao waende kupima, kwa sababu presha inaweza kushuka mtu anapopunguza wanga. Wenye ugonjwa wa figo, wajawazito na wanaonyonyesha wasianze mlo huu kwa ushauri wa ujumbe wa simu, hata ujumbe wetu.

Watoto, na ng'ombe

Mama au baba anapoacha maziwa, si lazima nyumba nzima iache. Mtoto asiye na shida ya tumbo aendelee kunywa maziwa yaliyochemshwa na kula ugali wake, bado anakua. Na mtoto mchanga aendelee na ziwa la mama. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na mtoto ameumbwa kuisaga.

Mama wa Rungwe alitupigia tena juzi. Alienda kliniki na daftari lake, wakampima na kumpunguzia vidonge. Maziwa ameacha kwa wiki nne za majaribio, asubuhi anakula mayai na parachichi, mchana usipa na mboga. Maziwa ya jioni sasa yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, na ya asubuhi wanakunywa wajukuu. Tumbo limetulia. Sukari, amesema, tusiitangaze bado mpaka apime tena mwisho wa mwezi.

Tutamsubiri. Nawe kama umejaribu kupunguza wanga au kuacha maziwa, tuandikie meseji utuambie kilichokusaidia na kilichokushinda. Tutazisoma hewani.