Kiti Kilichowaangusha Wakubwa Wawili wa Delhi

Mji wa Delhi, makao makuu ya India, una Baraza lake la Kutunga Sheria, mbali na Bunge la nchi nzima. Baraza hilo lina viti 70, na kimojawapo huitwa New Delhi. Kwa hesabu ya wapiga kura kiti hicho ni kidogo. Katika uchaguzi wa Februari 2025 walioandikishwa walizidi laki moja kwa elfu chache tu. Lakini kwa heshima kilivishinda vyote, kwa kuwa kila aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Delhi kutoka Desemba 1998 hadi Septemba 2024 alikuwa mjumbe wa watu wa mitaa hiyo. Wawili kati ya wakubwa hao waliondolewa na watu hao hao waliowaweka.

Sehemu hii ni ile iliyojengwa na Waingereza baada ya kutangazwa, mwaka 1911, kwamba makao ya serikali yatahamishwa kutoka Calcutta. Majumba yake makubwa yalichorwa na Edwin Lutyens na Herbert Baker, na huyo Baker ndiye aliyechora pia Nyumba ya Serikali ya Nairobi, ambayo sasa ni Ikulu ya Kenya. Mgeni apitaye katika barabara zake pana, akitazama bustani na nyumba za mawaziri, aweza kudhani kwamba wapiga kura wa hapo ni matajiri watupu. Sivyo. Wengi ni makarani wakaao katika nyumba za serikali, na pamoja nao matarishi, wapishi, madobi na wafagiaji wa mji. Kando ya barabara ya Mandir Marg uko mtaa wa Wavalmiki, ambao kwa desturi za tabaka waliachiwa kazi ya kufagia tangu zamani. Huko ndiko alikokaa Mahatma Gandhi kwa miezi kadhaa katika miaka ya 1946 na 1947.

Delhi ilipata Baraza lake la kwanza mwaka 1952, likaondolewa 1956. Katiba ilirekebishwa mwaka 1991, na uchaguzi wa Baraza jipya ukafanyika 1993. Wakati huo mitaa mingi ya sehemu hii ilikuwa katika kiti kilichoitwa Gole Market, jina la soko la mviringo lililopo hapo. Mshindi wa kwanza alikuwa Bwana Kirti Azad wa chama cha BJP, mtu aliyekwisha kujulikana kwa mchezo wa kriketi, kwani alikuwamo katika timu ya India iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1983.

Chama cha BJP kilitawala Delhi miaka mitano, kikabadili Waziri Kiongozi mara mbili. Kilichokiponza kwa sehemu kubwa kilikuwa kitunguu. Mwaka 1998 bei ya vitunguu ilipanda hata mtu wa mshahara mdogo akashindwa kuvinunua, na katika Oktoba Waziri Kiongozi, Bwana Sahib Singh Verma, akajiuzulu. Jina hilo la Verma msomaji alishike, maana litarudi. Mwezi uliofuata Bibi Sheila Dikshit wa chama cha Congress alimshinda Bwana Azad katika Gole Market, akawa Waziri Kiongozi.

Bibi Dikshit alidumu miaka kumi na mitano. Katika siku zake mabasi yaliachishwa mafuta ya dizeli yakatumia gesi, barabara za juu zikajengwa, na reli mpya ya mjini ikaanza kuchukua watu Desemba 2002. Mwaka 2003 BJP walimsimamisha Bibi Poonam Azad, mkewe Bwana Kirti, labda wakitumaini kwamba mke ataweza asiloliweza mume, naye akashindwa. Mipaka ilipochorwa upya, kiti kikaitwa New Delhi, na Bibi Dikshit akakitwaa mara ya tatu mwaka 2008.

Basi akatokea Bwana Arvind Kejriwal. Yeye alikuwa ofisa wa kodi wa serikali aliyeacha kazi, akajiunga na watu waliokuwa wakipigana na rushwa. Mwaka 2012 alianzisha chama cha Aam Aadmi, yaani chama cha mtu wa kawaida, na alama yake ikawa ufagio. Alama hiyo ilichaguliwa kwa akili sana, kwa kuwa katika kiti hiki ufagio ni chombo cha kazi cha maelfu ya watu. Mapema mwaka 2013 alifunga kula kwa siku nyingi akilalamikia bili za umeme na maji, kisha akatangaza kwamba atasimama kushindana na Bibi Dikshit mwenyewe. Wakubwa wa Congress walimdharau. Kura zilipohesabiwa tarehe 8 Desemba 2013, Bwana Kejriwal alikuwa na 44,269, na Bibi Dikshit 18,405.

Serikali ya kwanza ya Bwana Kejriwal ilidumu siku 49 tu, akajiuzulu. Wengi walisema amekwisha, lakini mwaka 2015 alirudi na kura 57,213, na chama chake kikapata viti 67 kati ya 70. Familia iliyotumia maji yasiyozidi lita 20,000 kwa mwezi ikasamehewa malipo, na tangu Agosti 2019 waliotumia umeme usiozidi yuniti 200 hawakulipa kitu. Mwaka 2020 alishinda tena, ingawa kura zake zilishuka kuwa 46,758.

Tarehe 21 Machi 2024 alikamatwa kwa mashtaka juu ya leseni za pombe, mashtaka aliyoyakanusha. Alipotoka kwa dhamana katika Septemba alijiuzulu, akisema hatakikalia kiti cha uongozi mpaka wananchi wampe hukumu yao. Wapinzani wake walishika habari ya nyumba yake ya serikali, iliyotengenezwa upya kwa fedha nyingi, wakaiita jumba la vioo. Kwa mtu aliyeingia kwa kuahidi maisha ya kawaida, neno hilo lilichoma kuliko yale mashtaka. Tena aliahidi kuusafisha mto Yamuna, na mto ulikuwa bado mchafu.

Nayo serikali kuu haikulala. Tarehe 16 Januari 2025 ilikubali tume mpya ya mishahara kwa wafanyakazi wake, na tarehe 1 Februari, siku nne kabla ya kupiga kura, ikatangaza kwamba mwenye mapato yasiyozidi rupia 1,200,000 kwa mwaka hatalipa kodi ya mapato. Katika mitaa ya makarani habari ya namna hiyo haihitaji mtu wa kuieleza.

Waliosimama mbele ya Bwana Kejriwal walikuwa watoto wa viongozi waliomtangulia. Bwana Parvesh Verma wa BJP ni mwana wa yule Sahib Singh Verma wa vitunguu. Bwana Sandeep Dikshit wa Congress ni mwana wa Bibi Sheila, aliyefariki Julai 2019. Bwana Verma alipata kura 30,088, Bwana Kejriwal 25,999, na Bwana Dikshit 4,568. Tofauti ya wawili wa kwanza ilikuwa 4,089, kwa hiyo wako waliosema kwamba mwana alimlipia mama yake kisasi. Hesabu hiyo yapendeza kusimuliwa, lakini haitoshi. Daftari la wapiga kura lilikuwa limepungua, na chama cha Aam Aadmi kililalamika kwamba majina yamefutwa, jambo ambalo maofisa wa uchaguzi walilikataa. Hata hivyo, mtu aliyepoteza kura zaidi ya 20,000 kwa miaka mitano hawezi kuwa ameangushwa na 4,568 za mwingine.

Wengi walitazamia kwamba aliyemwangusha Bwana Kejriwal ndiye atakayepewa uongozi, kama ilivyokuwa mwaka 2013. Tarehe 20 Februari 2025 aliyeapishwa kuwa Waziri Kiongozi alikuwa Bibi Rekha Gupta, mjumbe wa Shalimar Bagh. Bwana Verma alipewa wizara ya ujenzi, na kazi ya barabara na mifereji.